Kushusha nyundo ya CZ Shadow 2 ikiwa na risasi chemba: mbinu ipi salama?

mlengwa_mpya aliuliza:

Wakuu, salaam.

Nahama kutoka Glock 17 kwenda CZ Shadow 2 kwa ajili ya mechi za IPSC (mashindano ya kupiga shabaha), daraja la Production, la bastola za kawaida za kiwandani. Glock haina nyundo ya nje: unapachika magazini, unakoki (unavuta slaidi, ile sehemu ya juu, nyuma na kuiachia ili risasi iingie chemba), unaweka kwenye holsta, basi. Shadow 2 ukishakoki nyundo inabaki nyuma, na sheria ya Production inataka nyundo iwe chini kabisa kabla ya mlio wa kuanza. Bastola hii haina wenzo wa kushusha nyundo, ina sefti tu. Maana yake nibonyeze kifyatulio huku risasi iko chemba, nyundo nimeishika kwa vidole.

Maswali yangu:

1. Vidole vinakaa wapi hasa, na kifyatulio unakiachia lini?
2. Kile kidato cha nusu, pale nyundo inaposimama katikati, hakitoshi?
3. Unajifunzaje bila kuhatarisha mtu?

Video nimeziona nyingi na kila mmoja ana lake. Natafuta mtu wa kunieleza kwa nini, siyo vipi pekee.

---

fundi_springi alijibu:

Vizuri umeuliza "kwa nini", maana hapo ndipo penye jibu lote.

Ndani ya bastola hii nyundo inashikwa na kipande kidogo cha chuma, wenzetu wanakiita sia. Ukikoki, ncha ya sia inaingia kwenye kidato cha juu cha nyundo. Ukibonyeza kifyatulio, sia inatoka na nyundo inaachiwa. Chini ya kidato hicho kuna kingine chenye mdomo mrefu zaidi, ndicho kidato cha nusu. Kazi yake: nyundo ikiponyoka, sia iidake katikati ya safari kabla haijafika kwenye pini inayopiga risasi.

Sasa sikiliza hapa. Kidato cha nusu kinafanya kazi ikiwa tu kifyatulio kimeachiwa. Kidole kikiendelea kubonyeza, sia imekaa pembeni, na nyundo inapita kidato hicho kama vile hakipo. CZ nyingine, zile zenye herufi B kama 75 B, zina pia kizuizi cha pini ndani ya slaidi: kinaizuia pini isisogee mbele mpaka kifyatulio kivutwe hadi mwisho. Nacho ni vilevile, kidole kikibaki kwenye kifyatulio kizuizi kimeshafunguka. Shadow 2 haina kizuizi hicho kabisa. Kimeondolewa makusudi ili kifyatulio kiwe laini na mrejeo wake uwe mfupi.

Kwa hiyo unaposhusha nyundo, kila sekunde kidole kinapobonyeza, bastola haina ulinzi wowote ila vidole vyako viwili. Lengo lote la mbinu ni kufupisha muda huo.

Kuhusu pini: kwenye Shadow 2 ni fupi kuliko njia yake na ina springi ya kuirudisha nyuma. Nyundo ikishalala chini taratibu, pini haigusi fataki ya risasi, yaani kile kitako kinachowasha baruti. Inafika mbele kwa kasi ya pigo tu. Ndiyo maana kulala chini taratibu si hatari, kuanguka ndiko hatari. Ila ukibadilisha pini ukaweka ndefu ya mashindano, mpe fundi aipime kabla hujatia risasi.

---

afisa_tuta alijibu:

Naongezea upande wa sheria, kisha hatua zenyewe.

Kifungu cha 8.1.2 cha IPSC kiko wazi. Bastola yenye wenzo wa kushusha nyundo inashushwa kwa wenzo huo peke yake, bila kugusa kifyatulio. Isiyo na wenzo inashushwa kwa mkono, kwa usalama, mpaka mbele kabisa. Kidato cha nusu hakihesabiki. Hilo ndilo jibu la swali lako la pili: kimitambo kidato cha nusu kingekulinda, kisheria hakikubaliki kwa Shadow 2.

Kuingiza kidole ndani ya pete ya kifyatulio wakati wa kupakia risasi ni kosa la kutolewa mechini, ila kushusha nyundo ya bastola isiyo na wenzo baada ya amri ya Make Ready (jiandae) kumeruhusiwa. Ruhusa hiyo ni ya tendo hilo tu. Nyundo ikishafika chini, kidole nje.

Na risasi ikitoka wakati unashusha, umetolewa mechini hapohapo, hata kama imekwenda katikati ya tuta, ule ukuta wa udongo unaozuia risasi, na haikumgusa mtu. Hakuna cha "imeponyoka bahati mbaya". Ikitokea, usitupe bastola wala usigeuke kumtazama afisa. Kidole nje, mtutu kwenye tuta, ganda, usubiri amri.

Hatua, kwa anayetumia mkono wa kulia:

1. Mtutu uelekee tuta, ulalo, kimo cha kifua au chini kidogo. Usiuelekeze mchangani mbele ya miguu yako, na usiuinue juu ya tuta. Chagua doa kwenye tuta ulitazame.
2. Pachika magazini, koki, hakiki kama risasi imeingia chemba kwa namna uliyozoea. Kidole nje wakati wote huu.
3. Sefti iwe chini. Ikiwa juu inashika sia, na utabaki unakikamua kifyatulio bure. Watu wengi hapo huongeza nguvu, kisha wanafungua sefti huku kidole bado kimebana. Hapo ndipo nyundo inaporuka.
4. Mkono wa kulia ushike mpini wote, kama unavyoshika kupiga. Bastola isiyoshikwa vizuri inayumba ukianza kubonyeza.
5. Mkono wa kushoto unatoka kwenye mpini na kuja nyuma ya bastola. Bana nyundo pande zote mbili kwa nyama ya kidole gumba na cha shahada. Siyo kwa ncha, siyo kwa kucha.
6. Vuta nyundo nyuma kidogo mpaka uhisi umeibeba wewe. Usipohisi uzito wa springi kwenye vidole, hujaishika.
7. Sasa tu ndipo kidole cha kulia kinaingia kwenye pete. Bonyeza. Nyundo itakuwa huru mikononi mwako.
8. Iachie isogee mbele taratibu, kidole kikiwa bado kimebonyeza, mpaka ipite kidato cha nusu. Ikishapita, toa kidole kwenye pete.
9. Malizia kuishusha kwa vidole viwili vya kushoto mpaka ilale.
10. Itazame kwa macho, nyundo imegusa nyuma ya slaidi. Ndipo holsta.

Ukiachia kifyatulio mapema, nyundo itakwama kwenye kidato cha nusu. Si hatari, ni dalili tu kwamba uliwahi. Usijaribu kuilazimisha kutoka hapo kwa kubonyeza kifyatulio. Kutoka hapo kifyatulio kinaanza kuvuta nyundo nyuma badala ya kuiachia, na vidole vyako vinakuwa havikutarajia mwendo huo. Irudishe nyuma mpaka kidato cha juu, kidole kikiwa nje, uanze upya hatua ya 5. Afisa mwenye busara atakusubiri.

---

gumba_la_kushoto alijibu:

Nakubaliana na afisa karibu kote, ila hatua ya 5 nina njia niipendayo zaidi kwa mgeni: gumba la kushoto liwe kati ya nyundo na slaidi, siyo pembeni ya nyundo.

Unaingiza gumba kwenye nafasi ile, kucha ikitazama pini, kidole cha shahada kikiwa nyuma ya nyundo. Ukibonyeza kifyatulio nyundo inakuja kulalia gumba. Ikiponyoka inapiga kucha. Itauma, kucha inaweza kuwa nyeusi, lakini fataki haijaguswa. Halafu unalikunjua gumba juu polepole, na hapo ndipo unapobana pembeni kumalizia.

Sababu: kuponyoka kwingi hutokea nukta ileile kifyatulio kinapoachia, kwa kuwa uzito wote wa springi unahamia kwenye vidole kwa ghafla. Gumba likiwa katikati, nukta hiyo haina madhara. Kipande cha mwisho, kutoka gumba hadi chini, ni kifupi na nyundo haina mwendo wa kutosha kukusanya nguvu nyingi. Nimesema nyingi, sikusema haitawaka.

---

afisa_tuta alijibu:

@gumba_la_kushoto sina ugomvi nayo, na kwa mgeni pengine ni bora. Angalizo langu ni moja: yeyote anayetumia njia hii asilitoe gumba kwa kulichomoa. Likichomolewa kwa haraka nyundo inadondoka kutoka unene wa gumba, na kidole cha kulia bado kiko kwenye kifyatulio. Linakunjuliwa, halichomolewi.

Na njia yoyote utakayochagua, isiwe gumba la mkono uleule ulioshika bastola. Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu inapendeza kwenye video. Gumba la mkono wa kulia likienda kwenye nyundo, mshiko wa mpini unabaki wa vidole vitatu, na kidole cha kifyatulio kinabana chenyewe kwa sababu vidole vya mkono mmoja hufuatana. Kwenye bastola ya gramu 1,330 utaona mtutu unavyocheza.

---

mlengwa_mpya alijibu:

Ahsanteni sana wakuu. Nimepata mwanga. Nyongeza mbili:

Nimeweka springi nyepesi ya nyundo ili mvuto wa kwanza wa kifyatulio uwe laini. Inapunguza hatari?

Na huku pwani mikono inaloa jasho dakika tano tu uwanjani. Glavu zinasaidia?

---

fundi_springi alijibu:

Springi nyepesi inarahisisha kubana nyundo, haikupi ruhusa ya kuidondosha. Wanaoweka springi nyepesi mara nyingi wanatafuta pia risasi zenye fataki laini, Federal ndizo zinazosifika kwa hilo, kwa kuwa nyundo yao haigongi kwa nguvu kama ya kiwandani. Maana yake umejenga bastola inayowaka kwa pigo dogo. Ulichopunguza kwa mkono mmoja umekirudisha kwa mwingine. Na usisahau Production ina kiwango cha chini cha uzito wa kifyatulio: kilo 2.27 kwa risasi ya kwanza. Pima kabla ya mechi, siyo foleni ya kupimwa.

Glavu: mimi nasema hapana kwa kushusha nyundo. Kitambaa kinateleza juu ya chuma, na kinakunyima hisia ya uzito ule alioutaja afisa. Kausha vidole kwa taulo kabla hujaitwa, au tumia ile poda au chaki ya majimaji ya wapanda miamba. Mafuta ya jua na mafuta ya bunduki ni wabaya kuliko jasho: jasho linafutika, mafuta yanabaki kwenye mistari ya nyundo. Futa kichwa cha nyundo kwa kitambaa kikavu kila ukisafisha bastola. Ndani ya bastola weka mafuta unavyotaka, kichwani pa nyundo pasiwe na tone.

Jambo jingine ambalo hujauliza. Ukibadilisha nyundo au sia, hakiki kama kidato cha nusu bado kinashika. Bastola iwe tupu, magazini nje, chemba umeitazama na kuigusa kwa kidole. Vuta nyundo nyuma kidogokidogo mpaka usikie mlio wa kwanza, kisha uachie taratibu. Isimame hapo. Isukume mbele kwa gumba bila kugusa kifyatulio. Ikisonga, bastola hiyo irudi mezani kwa fundi, isiende uwanjani.

---

kavu_kwanza alijibu:

Swali la tatu bado halijajibiwa vizuri, kujifunza.

Chumba kisicho na risasi hata moja. Siyo risasi ziko kwenye droo. Ziko chumba kingine, mlango umefungwa. Ukuta unaoelekezea mtutu uwe wa kitu kinachoweza kuzuia risasi, siyo mbao wala jipsamu. Bastola tupu, uhakiki mara mbili, kwa macho na kwa kidole.

Siku za kwanza kata kipande cha raba, unene wa kama milimita 5, ukiweke kati ya nyundo na slaidi. Fanya mbinu yote. Nyundo ikiponyoka inapiga raba, pini haiumii na wewe unajua umekosea. Ukishafanya mara 50 bila kuponyoka, toa raba.

Kisha penseli. Penseli ya kawaida inaingia kwenye mtutu wa 9 mm bila shida. Ingiza ile yenye kifutio, kifutio kikitangulia, mpaka kifike kwenye uso wa nyuma wa chemba, pale pini inapotokea. Mtutu juu kidogo ili isidondoke. Shusha nyundo. Ukishusha vizuri penseli haitikisiki. Ukiiachia hata kidogo penseli inaruka. Haina huruma hata kidogo, wala haidanganywi, na kwa maoni yangu inashinda kocha anayekutazama kwa pembeni, kwa sababu yeye haoni kinachotokea kwenye pini.

Ukimaliza na penseli, hamia kwenye risasi bandia zenye umbo la risasi halisi, ufanye mfululizo kamili: magazini, kukoki, kuhakiki, kushusha, holsta. Mfululizo ndio utakaoufanya mechini moyo ukidunda. Usizichanganye na risasi halisi kwenye mfuko mmoja. Kamwe.

Uwanjani, mara za kwanza na risasi halisi: risasi moja tu chemba, magazini imetolewa. Likitokea la kutokea, linatokea mara moja.

---

mlengwa_mpya alijibu:

Hiyo ya penseli nimeipenda. Sasa, nikiona bado siko tayari na mechi imefika, nifanyeje? Niache kwenda?

---

gumba_la_kushoto alijibu:

Usiache. Badili daraja. Shadow 2 ina sefti ya mkono, na kwenye Standard, daraja jingine la IPSC, bastola ya aina hii inaweza kuanza nyundo ikiwa imekokiwa na sefti juu. Hakuna kushusha nyundo kabisa. Utashindana na watu wenye bastola nyingine, utapoteza pointi kidogo, lakini utarudi nyumbani umepiga mechi nzima.

---

afisa_tuta alijibu:

Sahihi. Ila hakikisha kwanza kwamba vifaa vyako vinakubalika kwenye daraja unalohamia, na umwambie msajili kabla ya kuanza, siyo katikati.

Na nitaje makosa mawili ambayo watu wa Production huyaleta kutoka kwenye mazoea haya.

La kwanza liko mwisho wa zoezi. Afisa akishaona chemba tupu na kukuambia ushushe nyundo, usiibane kwa vidole. Elekeza mtutu kwenye tuta, bonyeza kifyatulio, iachie nyundo ianguke yenyewe. Sheria inakataza kugusa nyundo au wenzo hapo, kwa sababu tendo hilo ndilo uhakiki wa mwisho. Kama wewe na afisa mmepitiwa na risasi imebaki, iende kwenye tuta sasa hivi kuliko iende nawe kwenye holsta. Mtu aliyezoea kushusha nyundo taratibu huibana bila kufikiri, na uhakiki unakuwa hauna maana.

La pili, bastola ambazo kifyatulio kinaachia nyundo tu, hakiikoki: ukoo wa modeli za 1911 na 2011. Hizo haziruhusiwi Production, na zimetengenezwa zianze nyundo nyuma na sefti juu. Mtu akijifunza kushusha nyundo ya Shadow asiende kuijaribu mbinu hiyo kwenye 1911 yenye risasi chemba. Hakuna daraja linalomtaka afanye hivyo, na nyundo ikiwa chini atalazimika kuikoki kwa gumba kabla ya kupiga, maana kifyatulio chake hakiwezi kuinyanyua.

---

fundi_springi alijibu:

Na wenye Beretta 92 au SIG P226 zenye wenzo wa kushusha nyundo wanaosoma hapa: wenzo huo utumieni. Kidole nje ya pete, bonyeza wenzo hadi mwisho kwa mwendo mmoja. Msiisindikize nyundo kwa gumba mkidhani mnaipunguzia kishindo. Wenzo umeundwa uiachie nyundo huku pini imezuiwa; gumba lenu linavuruga tu. Kwenye P226 nyundo itasimama mbali kidogo na slaidi, ndipo mahali pake, na kwa bastola yenye wenzo sheria inapakubali.

Wenye rivolva za kisasa, kanuni ni ileile niliyoanza nayo. Nyundo ikishaanza kusogea tu, achia kifyatulio, umalizie kwa gumba. Kifyatulio kikirudi mbele ndipo ulinzi wa ndani unaporudi kuizuia nyundo isiwashe fataki.

---

kavu_kwanza alijibu:

Nimesahau kitu kwenye penseli: ukimaliza, itoe na uikague. Kipande cha kifutio kikikatikia chemba, risasi ya kwanza ya mechi haitaingia hadi mwisho, na utabaki unahangaika kufunga slaidi huku afisa anakusubiri.